“Breakdown” ya Buzzcocks: toleo la studio ndilo lililopigwa laivu

Kila “Breakdown”, wimbo wa Buzzcocks, bendi ya punk ya Manchester, inapotajwa, haupiti muda kabla mtu hajadai kwamba toleo la studio “limefugwa”, na kwamba anayewataka Buzzcocks wa kweli asikilize lile la klabu ya Roxy, London. Nimechoka kulisoma dai hilo. Halisimami, na kinacholiangusha kimechapishwa kwenye jalada la rekodi yenyewe tangu Januari 1977.

Rekodi hiyo ni EP (santuri fupi) ya Spiral Scratch. Nyimbo nne, zilizorekodiwa tarehe 28 Desemba 1976 katika studio ya Indigo, Manchester, prodyuza akiwa Martin Hannett, ambaye jalada linamwita Martin Zero. Kurekodi kulichukua muda wa saa tatu, kumiksi saa mbili, kazi ikaisha. Jalada linaeleza kila wimbo ulipatikana kwenye teki (jaribio la kurekodi) ya ngapi na kama kuna kitu kilipandishwa juu yake baadaye. “Time’s Up”, “Boredom” na “Friends of Mine”: teki ya kwanza, gitaa limeongezwa. “Breakdown”: teki ya tatu, hakuna nyongeza.

Hakuna nyongeza. Howard Devoto aliimba, Pete Shelley akapiga gitaa, Steve Diggle besi, John Maher, aliyekuwa na miaka 16, dramu. Wote kwa pamoja, mara moja, na kilichoingia kwenye mkanda ndicho tunachokisikia. Hakuna gitaa la pili, sauti ya mwimbaji haikurudiwa, wala hakuna mstari uliokatwa ukabandikwa upya. Wimbo wenyewe haufiki dakika mbili. Kama hilo si kupiga laivu, neno laivu halina maana, ila iwe ni lazima pawe na watu wanaomwaga bia.

Nadhani najua kosa linakotoka. Watu wanamfahamu Hannett kwa kazi yake ya baadaye na bendi ya Joy Division: dramu zilizotenganishwa kipande kwa kipande, mwangwi uliopimwa, nafasi tupu kati ya vyombo. Wakiona jina lake kwenye Spiral Scratch wanaisikia Joy Division ambayo haimo. Lakini ukiwa na nyimbo nne na saa tano kwa jumla, huna muda wa kufuga chochote. Unaweka maiki, unapima viwango, unabonyeza kurekodi.

Sasa twende Roxy. Klabu hiyo ilikuwa Neal Street, Covent Garden. Buzzcocks waliorekodiwa pale majira ya Aprili 1977 si wale wa Desemba. Devoto alikuwa ameondoka Februari. Shelley akachukua uimbaji huku akiendelea na gitaa lake, Diggle akaacha besi akashika gitaa, na Garth Smith akaingia kwenye besi. Hesabu magitaa: studio moja, jukwaani mawili. Toleo linalosifiwa kwa kuwa tupu bila mapambo ndilo lenye vyombo vingi zaidi.

Magitaa mawili yanayopiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) zile zile hayalingani kamwe kwa asilimia mia. Mpigo mmoja unatangulia kwa milisekunde kadhaa, nyuzi zimepishana kidogo, ampu hazifanani. Tofauti hizo ndogo ndizo sikio linazozipokea kama unene. Prodyuza anayetaka unene huo studio hupandisha gitaa la pili juu ya la kwanza, na hapo ndipo mashabiki hulalamika kwamba amepamba. Jukwaani unene huo huo analeta mtu wa pili, na unaitwa nguvu ya laivu. Sauti ni ile ile. Kwenye toleo la Indigo gitaa la Shelley liko peke yake: likiacha kodi ili kubadilisha kitu, nyuma yake hakuna linaloshika nafasi, besi na dramu zinabaki wazi. Sikiliza mara moja ukiwa na nia hiyo, utalisikia pengo.

Hoja ya pili wanayoitoa ni kwamba Roxy ina sauti “mbichi”. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana neno hilo linafunika mambo matatu tofauti.

La kwanza ni kuvuja kwa sauti kati ya maiki. Klabu ndogo, jukwaa dogo, mwimbaji amesimama kama mita mbili mbele ya dramu. Maiki yake haichukui mdomo wake tu, inachukua na dramu. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpigo wa dramu unaifikia maiki ya mwimbaji kama milisekunde 6 baada ya kufika kwenye maiki ya dramu yenyewe. Ukizichanganya hizo mbili kwenye mixer, meza ya kuchanganya sauti, baadhi ya masafa (viwango vya mtetemo wa sauti) yanafutana: kwa umbali huo ni karibu na hertzi 86, kisha 257, kisha 429, na kuendelea. Hapo ndipo dramu ya mguu inapopoteza tumbo, snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) inakuwa ya kopo, na matoazi yanakuwa kama upepo unaopita dirishani. Hakuna aliyeamua yawe hivyo. Ni umbali tu.

Kisha mwimbaji anasogea. Midomo ikiwa sentimita 3 kutoka kwenye maiki halafu ikaenda sentimita 12, sauti yake inashuka kwa desibeli 12 hivi, ila matoazi kwenye maiki ile ile yanabaki pale pale. Anayeimba huku anapiga gitaa hana mkono wa kuivuta maiki imfuate, na kila akiinama kutazama vidole vyake maneno yanazama ndani ya matoazi. Fundi akimpandisha, anapandisha na dramu. Msikilizaji husema bendi “inalipuka”. Kilichotokea ni kwamba shingo ya mtu imegeuka.

La pili ni chumba. Wakati ule kwenye klabu ndogo mara nyingi kilichopita kwenye spika za ukumbi ni sauti ya mwimbaji peke yake. Magitaa yalisikika moja kwa moja kutoka kwenye ampu, dramu kutoka kwenye ngozi zake. Sauti ya mwimbaji inatoka kwenye spika, inagonga ukuta, inarudi kwenye maiki zote za jukwaani. Kwa hiyo mwimbaji ndiye anayesikika ana ukumbi nyuma yake, na vyombo vinasikika vimekaribia. Studio huwa kinyume: mwimbaji karibu, dramu ndizo zenye chumba.

La tatu ni kupasuka. Kodi ya kwanza huwa na nguvu kuliko kipimo cha sauti kilichofanyika mchana, na kitu fulani kinafika mwisho wake: ampu, maiki, mixer, mkanda. Vitabu hutoa maelezo safi ya namna ya kutofautisha kupasuka kwa mkanda na kupasuka kwa mixer. Ukweli ni kwamba ukishapewa miksi iliyokamilika, iliyokandamizwa na kukatwa kwenye santuri, kutofautisha kwa sikio ni kubahatisha. Mafundi wawili wazuri watabishana na wote watakuwa na sababu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa uhakika “ule ni mkwaruzo wa mkanda”, muulize ameujuaje.

Halafu kuna albamu yenyewe, The Roxy London WC2, iliyotoka mwaka 1977. Mike Thorne aliirekodi kati ya Januari na Aprili, akiwa na bendi nane, wakiwemo Wire, The Adverts, X-Ray Spex na Buzzcocks. Kati ya nyimbo kuna mazungumzo ya watu, mengine yamenaswa hadi chooni. Ukiisikiliza mfululizo unajiona umekaa klabuni usiku mmoja. Usiku huo haukuwahi kuwepo. Ni siku tofauti zilizochaguliwa, zikapangwa, zikamiksiwa na kuunganishwa kwa minong’ono ya baa. Ni kazi nzuri sana ya uhariri na ninaipenda. Lakini kati ya rekodi hizi mbili, iliyopitia mkasi zaidi ni ile inayoitwa laivu.

Na kwa wanaodhani prodyuza wa studio ni adui wa prodyuza wa jukwaani: Wire wamo kwenye albamu hiyo na “Lowdown” na “12XU”. Nyimbo hizo hizo zimo kwenye Pink Flag, albamu yao ya studio ya mwaka ule ule. Prodyuza wa zote mbili ni Thorne.

Kwa sisi tuliozoea muziki wa dansi, jambo hili lisingepaswa kuwa geni. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ziliingia chumbani zikapiga wote kwa pamoja, besi, magitaa, tarumbeta, waimbaji. Mmoja akikosea wote wanarudi mwanzo. Hakuna anayesema rekodi zile si za kweli kwa kuwa zilifanyika studio.

Ukitaka kulinganisha matoleo haya kwa haki, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Hili ndilo linaloharibu mabishano mengi. Tofauti ya desibeli moja tu inatosha kufanya toleo lenye sauti kubwa lionekane lina uhai zaidi, na kati ya nakala iliyotolewa kwenye santuri ya zamani na nakala iliyomastiwa upya kwa CD tofauti ya desibeli 5 au 6 ni ya kawaida. Ziweke zote kwenye programu kama Audacity au Reaper, pima LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) ya wimbo mzima, na ushushe yenye sauti kubwa mpaka zilingane ndani ya nusu desibeli. Usipandishe yenye sauti ndogo, utaipasua. Huna kompyuta? Tumia kipimo cha sauti cha simu, simu ikae pale pale, sauti ikitoka kwenye spika zile zile.

Hakikisha pia unajua nakala yako imetoka wapi. Spiral Scratch imetolewa upya zaidi ya mara moja, na zilizopandishwa mtandaoni na watu binafsi nyingine zimetoka kwenye kaseti. Kaseti inayokimbia inapandisha kasi na kimo cha noti kwa pamoja. Kasi ikizidi kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima unapanda nusu toni. Kwa hiyo kabla hujasema “laivu walipiga haraka”, hesabu mipigo ya snea kwa sekunde 20 mwanzoni na sekunde 20 mwishoni, zidisha kwa 3, kisha fananisha na kimo cha noti ya besi. Kasi na noti zikipanda kwa kiwango kimoja, shuku mashine. Kasi ikipanda na noti zikabaki, hapo wapigaji ndio waliokimbia. Kuna mtego: bendi kama hizi zilipatanisha nyuzi zao kwa sikio, gitaa kwa gitaa, bila kufuata kipimo cha nje. Tofauti ndogo ya noti haithibitishi chochote. Na kwa kuwa hapakuwa na mdundo wa mashine masikioni mwa Maher, kasi kubadilika kwa mipigo mitatu hadi mitano kwa dakika ndani ya wimbo mmoja ni jambo la kawaida, studio au jukwaani.

Mwisho bonyeza mono, yaani spika zote zitoe sauti ile ile moja. Utashangaa ni kiasi gani cha “ukubwa” kinachoondoka.

Ukishafanya yote hayo na bado ukaipenda ya Roxy, sina ugomvi. Mimi mwenyewe napendelea ya Indigo, na nikijichunguza naona upendeleo wangu hauna uhusiano mkubwa na studio wala jukwaa. Ni Devoto. Anayatema maneno kana kwamba yanamuudhi, akikata kila mwisho wa mstari. Shelley anaimba wimbo ule ule kwa koo laini zaidi, na maneno yale yale yanageuka wasiwasi badala ya dharau. Hiyo ni tofauti ya waimbaji wawili, na naamini nusu ya wanaobishana kuhusu studio na laivu wanabishana kuhusu Devoto na Shelley bila kujua. Hakuna kipimo kitakachowaamulia.

Kuna na toleo la tatu ambalo wengi hulisahau: majaribio ya Oktoba 1976, yaliyorekodiwa Revolution Studios, Stockport, kwenye mashine ya traki nne (njia nne za sauti kwenye mkanda), yakazunguka miaka mingi kama rekodi ya magendo kwa jina la Time’s Up kabla ya kutolewa rasmi. Traki nne maana yake unaamua mapema: ukishachanganya dramu pamoja kwenye traki moja, hakuna kurudi kuipandisha snea peke yake. Yasikilize matatu kwa mpangilio wa tarehe, Stockport, Indigo, Roxy, na usimfuate mwimbaji. Mfuate Maher. Katika miezi ile sita Devoto aliondoka, Shelley akaongezewa uimbaji, Diggle akabadili chombo, besi ikapata mtu mpya. Maher peke yake hakubadilishiwa kazi. Snea yake ikisikika tofauti, sababu ni chumba, maiki, mkanda, au kwamba kijana wa miaka 16 alikuwa amezidi kukomaa kwa kupiga shoo nyingi. Tatu za kwanza naweza kukuonyesha kwa namba. Hiyo ya nne ndiyo ninayoisikia kila mara, na kuitenga na zile tatu bado sijaweza.