Dawa ya mvuke kwenye bili: 6 au 7?

Mama mmoja wa Bukavu, anayeishi hapa Marekani, aliniwekea mezani karatasi iliyokunjwa mara nne, ya Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo hasa ni ya wazee. "Papa, hii dawa navuta mwaka wa tatu. Leo wanasema hawalipi?" Kwenye mstari wa dawa palikuwa na msimbo J7627. Nikamuuliza dawa yenyewe ikoje. Vichupa vya plastiki, akasema, vinakuja vitano vitano ndani ya mfuko unaong'aa kama bati.

Ufungaji wa namna hiyo kwa kawaida ni wa kiwandani. Hapo nikaacha kuishuku dawa, nikamshuku aliyeandika bili.

Nakagua bili katika kitengo cha malipo, na kesi ya namna hii naijua. Msimbo ule ni wa budesonidi, steroidi inayovutwa kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa kwa mwenye pumu. Katika orodha ya misimbo ya kudai malipo, dozi ya kichupa ya nebulaiza (mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta) ina namba mbili zinazofanana kama pacha. J7626 ni dawa iliyotoka kiwandani na kuidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. J7627 ni ile iliyochanganywa na mfamasia mwenyewe. Ya kwanza Medicare hulipa kupitia Sehemu B, ile inayogharamia huduma za nje ya kulazwa, asilimia 80 baada ya kiasi cha mwaka anachotangulia kulipa mgonjwa. Ya pili hukataliwa, kwa hoja kwamba si ya lazima kitabibu.

Wengine huona huo ni uchoyo. Mimi sioni hivyo. Mwaka 2012, sindano za steroidi zilizochanganywa na kampuni moja ya Massachusetts ziliingia kuvu, na zaidi ya watu 60 wakafa. Zile zilikuwa sindano, si dawa za kuvuta, lakini dawa iendayo moja kwa moja kwenye mapafu nayo haitaki vijidudu. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likakaza sheria ya uchanganyaji. Hata hivyo, mfamasia anaweza kuwa na sababu halali ya kuchanganya, mathalani mgonjwa ana mzio wa kiambato fulani. Basi akwambie mapema.

Kukwambia huko kuna fomu yake, ABN. Inaeleza kwamba Medicare huenda isilipe, na gharama yako inakadiriwa kuwa kiasi gani. Ukikubali na kusaini, duka la dawa linaweka herufi GA kwenye dai na deni linakuwa lako. Wasipokupa fomu hiyo na dai likakataliwa kwa hoja ile ya ulazima, kwa kawaida hasara inabaki kwao. Nimeona watu wakilipa deni lisilo lao kwa sababu tu bahasha ilikuwa na nembo ya serikali.

Kosa jingine liko kwenye kuhesabu. Kipimo kimoja cha J7626 kwenye bili ni hadi miligramu 0.5, kwa hiyo kichupa cha miligramu 0.25 ni kipimo kimoja, na cha miligramu 1 ni viwili. Kichupa chenyewe hubeba mililita 2. Karani akihesabu maji badala ya dawa, mgonjwa wa vichupa viwili vya 0.5 kwa siku, ambaye kwa siku 30 ana vipimo 60, anaandikiwa 120. Kikomo cha kawaida ni 62 kwa mwezi, yaani viwili kwa siku 31. Kilichozidi hakilipwi.

(Msichanganye na J45. Hiyo ni namba ya ugonjwa wa pumu, ya orodha nyingine kabisa. Herufi zimefanana tu.)

Bima za kampuni binafsi na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya kila jimbo zina taratibu zao, hivyo piga simu kwanza. Kwa Medicare, una siku 120 tangu upokee uamuzi kukata rufaa. Ila kwa kosa la uandishi tu, waombe duka warekebishe dai. Ni haraka zaidi.

Nilimwomba yule mama mfuko wa dawa, maana jina la kiwanda huandikwa pale. Alikuwa ameitupa yote. Kisha akafungua mkoba, akatoa mmoja uliojaa vifungo vya shati na sindano ya kushonea. Jina la kiwanda lilikuwepo, na namba ya dawa chini yake. Nikaupiga picha, tukaituma dukani mchana huohuo.