GFP_DMA haikupi kumbukumbu ya DMA

Wiki hii nimeletewa tena draiva ya Linux ya kukagua yenye mstari uleule: kmalloc(ukubwa, GFP_KERNEL | GFP_DMA), yaani kuiomba kerneli (kiini cha mfumo) kumbukumbu kwa flagi ya GFP_DMA. Juu yake mwandishi ameeleza kwamba kifaa kinatumia DMA (kinasoma na kuandika RAM chenyewe bila kupitia prosesa), kwa hiyo lazima tukiombee kumbukumbu ya DMA. Kifaa chenyewe ni cha PCIe na kinafikia anwani za biti 64. Nimeufuta mstari huu kwenye draiva za watu wengi mno bila kueleza, na ndiyo maana unarudi. Leo naueleza.

Hakuna RAM ya DMA. Kuna RAM, na kuna vifaa ambavyo vingine havifiki kila mahali ndani yake. Flagi ile ni masalia ya kadi za ISA za kompyuta za zamani, ambazo zilikuwa na biti 24 tu za anwani, yaani megabaiti 16. Kwenye x86, GFP_DMA inaomba ukurasa ulio ndani ya megabaiti 16 za mwanzo, basi. Haijui habari za kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), haijui habari za IOMMU (maunzi yanayotafsiri anwani za kifaa kuwa anwani za RAM), na haikupi anwani ambayo kifaa kitaitumia. Unang'ang'ania eneo dogo kuliko yote kwenye mashine kwa ajili ya kifaa kisicholihitaji, na siku likijaa unarudishiwa NULL huku gigabaiti kadhaa ziko wazi. Halafu hamia Raspberry Pi 4: pale eneo lenye jina hilohilo ni gigabaiti 1 ya mwanzo, kwa sababu baadhi ya vifaa vya chipu ile havivuki hapo. Flagi moja, mashine mbili, ahadi mbili tofauti. Nani anataka kujenga draiva juu ya hilo?

Kazi yako ni kuiambia kerneli kifaa chako kinaweza nini, kisha uiache ichague. Unaita dma_set_mask_and_coherent(dev, DMA_BIT_MASK(64)) na unakagua jibu. Usipoita, kerneli itachukulia kwamba kifaa kinaishia biti 32. Baada ya hapo dma_alloc_coherent inakupa vitu viwili kwa pamoja: anwani ya prosesa, na dma_addr_t, yaani anwani ya kukipa kifaa. Ukiisukumia GFP_DMA humo ndani, kerneli inaing'oa kabla ya kufanya lolote. Msimbo wake una mstari unaofuta flagi zote za maeneo ili utekelezaji wa chini uamue wenyewe. Nadhani hilo lingetosha kumaliza ubishi.

Hizo anwani mbili msizichanganye. Kukiwa na IOMMU, namba inayokwenda kwa kifaa haina uhusiano wowote na anwani halisi ya RAM, na kurasa zilizotawanyika zinaweza kuonekana kwa kifaa kama zimefuatana. Anayeita virt_to_phys (inayogeuza anwani ya prosesa kuwa anwani halisi ya RAM) na kuandika jibu kwenye rejista ya kifaa amepata bahati ya mashine yake tu.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi, kwa sababu flagi ile inawapa watu utulivu wa uongo hapa hapa: kache. Kwenye x86 maunzi yanahakikisha prosesa na kifaa wanaona data ileile, kwa hiyo draiva mbovu inafanya kazi miaka. Ipeleke kwenye chipu ya ARM ambayo haina dhamana hiyo, ndipo inaanza kusoma takataka.

Chukua struct (kundi la data zinazokaa pamoja) yenye bafa ya baiti 32 ya kupokea data, ikifuatiwa mara moja na kaunta ya makosa. Mstari wa kache, yaani kipande ambacho kache huvuta kwa mkupuo, una baiti 64, kwa hiyo vyote viwili vinakaa humo. Umeita dma_map_single, inayoikabidhi bafa kwa kifaa kwa muda, vizuri kabisa, kifaa kinaandika kwenye RAM. Katikati ya shughuli, interapti nyingine (ishara inayoikatiza prosesa) inaongeza kaunta. Prosesa haiwezi kugusa baiti 4 peke yake. Inavuta mstari mzima kwenye kache, pamoja na bafa ya zamani, na kuuweka alama kuwa umebadilishwa. Mstari huo ukirudishwa RAM, baiti za zamani zinafunika zile ambazo kifaa kimetoka kuziandika. Hakuna kosa kwenye logi. Wito wote wa API uko sahihi. Data imeharibika, na itaharibika mara moja moja tu, kulingana na interapti iliingia lini.

Dawa yake ni bafa kupata mgao wake wa kmalloc, au kupangwa kwenye mpaka wa mistari ya kache na chochote kinachofuata kisukumwe mstari mwingine. Na bafa ya kwenye staki isitumike kabisa; siku hizi staki yenyewe huwa imetengwa kwa vmalloc, ambayo kurasa zake si lazima zifuatane kwenye RAM, hivyo hata anwani utakayopata haina maana.

Kumbukumbu ya dma_alloc_coherent haina tatizo hilo la kache, lakini haikuondolei suala la mpangilio wa maandishi. Ukijaza deskripta (rekodi inayokiambia kifaa bafa iko wapi na ina urefu gani) kisha ukageuza biti ya umiliki inayokikabidhi kifaa rekodi hiyo, weka dma_wmb(), inayolinda mpangilio wa maandishi, katikati. Bila hiyo kifaa kinaweza kuiona biti kabla ya kuona urefu.

Swali ambalo vitabu hulijibu kwa mstari mmoja ni lini utumie coherent (kumbukumbu ya dma_alloc_coherent) na lini utumie ramani za muda (za dma_map_single). Tunafundishwa kwamba deskripta ni coherent na data ni ramani za muda. Kwa deskripta nakubali. Kwa data ndogo sina uhakika kiasi hicho. Kufunga ramani (kuikabidhi bafa kwa kifaa) na kuifungua (kuichukua tena) kukiwa na IOMMU kunagharimu, na kunakili pakiti fupi kutoka kwenye bafa iliyokwisha kufungwa ramani mara nyingi ni nafuu zaidi. Draiva za e1000 na e1000e zina mpaka wa baiti 256, chini yake zinanakili. Mpaka huo nimeuona ukihamishwa kwenye draiva nyingine kama vile ni sheria ya maumbile, na siuamini hata kidogo nje ya mashine iliyopimwa. Kwenye ARM isiyo na dhamana ya kache, kusoma kumbukumbu ya coherent ni polepole mno, na hesabu yote inageuka. Pima kwenye mashine yako.

Kabla ya kumtumia mtu draiva aikague, washa CONFIG_DMA_API_DEBUG, chaguo la kerneli linalokagua matumizi ya API hizi. Itakuonyesha ramani uliyosahau kufungua, ukubwa usiolingana, na mahali uliposahau kuita dma_mapping_error (na msilinganishe anwani na sifuri, maana sifuri inaweza kuwa anwani halali). Ile kaunta iliyokaa jirani na bafa haitaiona. Hiyo utaipata kwa kusoma struct zako moja moja na kujiuliza, kwa kila bafa, nani mwingine anaandika ndani ya baiti zile 64.