Kwa Nini Mchawi wa Vitabuni Hupanda Ufagio, na wa Hadithi za Mombasa Hupanda Ungo?

Je, wajua kwamba mchawi wa vitabu vya watoto, yule bibi kizee mwenye kofia nyeusi iliyochongoka, hana undugu na mchawi anayesimuliwa Mombasa? Wa kwetu hupaa kwa ungo au hupanda fisi. Aweza kuwa mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Usiku hutoka uchi kwenda kuwanga, na asubuhi utamkuta sokoni akichagua samaki, tena akikuuliza hali ya watoto.

Tuanze na vipando vyao. Ufagio wa Ulaya ya zamani ulikuwa fungu la vijiti lililofungwa kwenye mti mrefu. Ulikaa karibu na meko, na bomba la moshi ndiyo njia ambayo wachawi walisemekana kutokea. Ufagio wetu wa chelewa ni mfupi, mtu huinama kuutumia. Hauna mahali pa kukalia. Ungo ni mpana na mwepesi, na kila mchele unapopepetwa, kilichomo hurushwa hewani. Lakini vyote viwili ni vyombo vya nyumbani, na mimi naona siri iko hapo: hofu ya uchawi ni hofu ya mtu wa karibu, jirani au mkemwenza, kwa hiyo hata kipando chake hutoka jikoni.

Basi ile sura ya kitabuni ilitoka wapi? Picha ya kale zaidi inayojulikana ya wanawake wakiruka kwa ufagio imo pembezoni mwa hati ya mwaka 1451 ya Le Champion des Dames, utenzi wa Martin Le Franc. Mmoja amepanda ufagio, mwenzake fimbo tupu. Kofia hawana, wamejitanda vitambaa kichwani kama wanawake wengine wa wakati ule. La kushangaza ni kwamba utenzi huo ulitungwa kuwatetea wanawake. Habari za wachawi zinaletwa na mpinzani katika majibizano, lakini kilichodumu machoni pa watu ni michoro ile miwili midogo.

Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 1489, mara hii kwa nguvu ya mashine ya kuchapa. Mwanasheria Ulrich Molitor alitoa kitabu, De lamiis, akisema kwamba wachawi hawaruki wala hawaleti mvua ya mawe. Hayo ni mazingaombwe ya shetani, ingawa alitaka wamfuatao shetani waadhibiwe vivyo hivyo. Kitabu kikatiwa picha zilizochongwa kwenye mbao. Katika moja, wanawake wawili wanatumbukiza nyoka na jogoo chunguni, na mvua ya mawe inashuka. Katika nyingine, watu wenye vichwa vya wanyama wanapaa juu ya mti wenye panda. Kitabu kilichapishwa mara nyingi. Asiyejua kusoma aliona picha peke yake, na picha zilimwambia kinyume cha maandishi. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi kati ya karne ya 15 na ya 18, wengi wao wanawake.

Kofia ilikuja baadaye sana. Kofia ndefu zilivaliwa na wanawake wa kawaida Uingereza katika karne ya 17, na vijitabu vya bei rahisi vya karne iliyofuata vikamvika mchawi. Ngozi ya kijani ni ya juzi tu: imetokana na filamu ya Marekani ya 1939, The Wizard of Oz.

Mombasa, mchawi aliishi midomoni mwa wasimulizi, baada ya paukwa na pakawa, katika mji ambao mafundi wake walichonga maua na majani kwenye milango bila kuchonga sura za watu. Hakupewa uso, na kwa maoni yangu ndiyo maana anatisha zaidi: msikilizaji humvika uso wa amtakaye.

Na huo uso hauvikwi hadithini tu. Katika kaunti jirani ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana mgogoro wa ardhi ya ukoo. Mvi zimetosha kuwa ushahidi, hata wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi kuokoa maisha yao. Kwa hiyo mtoto akifungua kitabu na kuuliza mbona mchawi ni bibi, anastahili jibu kamili: kwamba wachoraji wa Ulaya ndio waliomchora hivyo, na kwamba katika hadithi za bibi yake mwenyewe mchawi hana umri.