Mfumo unganishi wa klabu ya gofu: maana yake ni nini?

Klabu binafsi ya gofu ikianza kutafuta programu za kuendeshea shughuli zake, haichukui muda kukutana na neno "mfumo unganishi". Kila muuzaji analo mdomoni. Muulize kimeunganishwa nini na nini, hapo majibu ndipo yanapoanza kupishana. Kwa lugha nyepesi, mfumo unganishi ni ule ambao kila mwanachama ana rekodi moja tu, na idara zote, yaani mapokezi, ratiba ya kucheza, mgahawa, baa, duka la vifaa na uhasibu, zinasoma na kuandika kwenye rekodi hiyohiyo.

Chukua Jumamosi moja ya kawaida. Mwanachama anafika na wageni watatu, anawaandikisha mapokezini, anachukua vigari viwili, wanacheza mashimo 18, wanakula, na kabla ya kuondoka ananunua glovu na mipira. Hatoi hela popote. Kwenye klabu nyingi za aina hii mtu anatia saini tu (mara nyingi bila hata kuangalia anachosaini) na ankara inamfuata mwisho wa mwezi. Sasa ada ya wageni iko kwenye daftari la mapokezi, vigari viko kwenye programu ya ratiba, chakula kiko kwenye mashine ya mgahawa na glovu iko kwenye mashine ya duka. Karani wa uhasibu ndiye atakayekesha akiyahamisha yote hayo kwa mkono. Akimsahau mgeni mmoja, klabu imekula hasara. Akimwandika mara mbili, mwanachama atapiga simu, tena atampigia mwenyekiti.

Hapo ndipo klabu binafsi inapoachana na uwanja wa umma. Uwanja wa umma unauza muda, na programu yake inafanana na ya kukatia tiketi za ndege: nafasi ipo, bei hii hapa, lipa, na bei yenyewe inaweza kupanda au kushuka kulingana na wateja. Mwanachama wa klabu binafsi ameshalipa ada yake. Anachotaka ni zamu yake, na zamu haina bei ya kusaidia kuamua nani apate.

Hesabu yake ni hii. Makundi ya watu wanne yakiachiwa kila baada ya dakika 10, saa moja inabeba watu 24. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi wanaingia 48, basi. Wakitaka kucheza 70, programu nyingi zitampa aliyebonyeza kwanza, na wanaoshinda watakuwa walewale wenye vidole vyepesi, wiki baada ya wiki. Nyingine zina kura: maombi yanakusanywa hadi muda fulani, kisha mashine inagawa, na iliyo nzuri inakumbuka nani alikosa wiki iliyopita. Njia zote mbili zinafanya kazi. Lakini kamati ikinunua bila kuuliza hili, itakuwa imemwachia mtengenezaji wa programu atunge kanuni ya klabu, na sidhani kama kuna kamati ingekubali hivyo ikiulizwa waziwazi.

Handikapu, yaani mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji ili ashindane sawa na walio bora kuliko yeye, nayo ina mambo yake. Tangu Januari 2020 upo Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioletwa na R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, kuchukua nafasi ya mifumo sita iliyotangulia. Mchezaji mwenye raundi za kutosha hukokotolewa fahirisi, yaani namba ya uwezo wake, kutokana na matokeo yake 8 bora kati ya 20 ya karibuni. Fahirisi hiyo huzidishwa kwa slopu (kipimo cha jinsi uwanja unavyomlemea mchezaji wa kawaida kuliko bingwa) ya mahali anapoanzia, ikagawanywa kwa 113, ambayo ni slopu ya kawaida, kisha ikarekebishwa kwa tofauti kati ya ukadiriaji wa uwanja (mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji wa handikapu sifuri) na idadi yake rasmi ya mikwaju. Mwenye fahirisi ya 16.4, kwenye slopu ya 128, ukadiriaji wa 71.2 na mikwaju rasmi 72, anapata 17.8, yaani handikapu ya 18 kwenye uwanja huo. Fahirisi yenyewe husimamiwa na chombo cha gofu kilichoidhinishwa, kwa hiyo programu ya klabu inatakiwa kuzungumza na hifadhi ya chombo hicho. Kama haiwezi, kila kadi ya matokeo itaandikwa mara mbili.

Je, mfumo unganishi lazima utoke kwa muuzaji mmoja? Hapana. Klabu inaweza kuwa na programu ya mgahawa kutoka kwingine, mradi mauzo yanaingia kwenye akaunti ya mwanachama yenyewe na mabadiliko ya uanachama yanafika kila mahali. Aliyesimamishwa kwa kutolipa ada asiendelee kusaini chakula kwa sababu tu mgahawa haujapata habari.

Vigari vyenye GPS, vihisi vya unyevu wa udongo na skrini za mazoezi ni vizuri, ila vinaweza kusubiri.

Siku muuzaji anapokuja kuwaonyesha programu yake, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Usiangalie mwanachama wa mfano aliyeandaliwa na muuzaji. Mpelekee kisa kigumu cha kwenu, jina ukiwa umelibadilisha: mjane anayeendelea na uanachama wa marehemu mumewe, ankara zinakwenda kwa mwanawe, na mjukuu anatimiza miaka 18 katikati ya mwaka, hivyo anahama kundi la vijana na ada inabadilika. Mwambie afanye hayo yote mbele yenu, kisha hesabuni amefungua kurasa ngapi.

Halafu mwambie atoe nakala ya data zote katika faili la kawaida la jedwali: majina, makundi, tarehe za kujiunga, madeni na ankara za zamani. Aitoe palepale, kabla hamjasaini chochote.