Madigadi za Baiskeli Nairobi: Tazama Udongo Kabla ya Kutazama Mawingu

Masika yanapokaribia, wateja huanza kuniuliza kama inafaa kufunga madigadi, yaani vile vikinga matope vya juu ya magurudumu, kwenye baiskeli au kama ni kujiongezea uzito na kelele za bure. Wengi wao mimi huwajibu kwamba wazifunge, zote mbili, na ziwe ndefu. Hata hivyo, kabla ya kulitoa jibu hilo huuliza kwanza kuhusu njia: unapita kwenye lami, kwenye udongo mwekundu, au kwenye udongo mweusi? Mvua inaweza kuwa ile ile, lakini kinachorushwa na tairi hutegemea kilicho chini yake, na kuna mitaa ya jiji hili ambako madigadi iliyofungwa kwa ustadi wote itakulazimisha kuibeba baiskeli begani.

Tuanze na lami, kwa kuwa ndiko waliko wengi wanaokwenda kazini kwa baiskeli, iwe ni Barabara ya Jogoo, ya Ngong au ya Thika. Mvua inayotoka juu ni maji safi, na koti la mvua linatosha kuizuia. Maji yanayotoka chini ni mengine kabisa, kwani yamechanganyika na mchanga, mafuta ya magari na, pale mitaro inapofurika, uchafu wa majitaka. Isitoshe, mara nyingi mvua hunyesha usiku na kukatika kabla ya alfajiri, hivyo asubuhi mwendesha baiskeli hulowa chini ya anga kavu, bila koti, kwa sababu ya vidimbwi tu.

Tairi linapozunguka juu ya maji hubeba utando mwembamba wa maji na kuuachia kadiri linavyopanda. Gurudumu la nyuma huutupa mgongoni, na hapo ndipo hutokea ule mstari wa matope unaopanda kutoka kwenye kiti hadi kwenye ukosi wa shati. La mbele hufanya mambo mawili. Sehemu ya juu kabisa ya tairi huenda mbele kwa mwendo maradufu ya ule wa baiskeli, yaani ukienda kilomita 20 kwa saa, yenyewe inakwenda 40; matone yanayochomoka hapo hukutangulia, hewa huyapunguza kasi, nawe unayafikia kwa uso. Wakati huohuo, sehemu ya nyuma ya gurudumu hilohilo hurusha maji kwenye viatu, kwenye bomba la chini la fremu, na kwenye beringi za katikati, pale pedali zinapozungukia.

Ndiyo maana hainipendezi kuona mtu amenunua madigadi ya nyuma peke yake. Ya nyuma hulinda nguo. Ya mbele hulinda miguu na mashine. Ukitaka ushahidi, itazame baiskeli isiyo na madigadi ya mbele baada ya mvua: chupa ya maji iliyofungwa kwenye bomba la chini itakuwa na punje za mchanga kwenye kifuniko, mahali unapoweka mdomo, na ukipitisha kidole kwenye cheni utatoka na uji mweusi unaokwaruza. Uji huo husaga cheni na meno ya gia, na mchanga wake ukikwama kwenye mpira wa breki hukwangua rimu kila unaposimama. Mteja hulaumu ubora wa cheni, ilhali tatizo liko kwenye gurudumu la mbele.

Hapa kuna jambo ambalo hata madigadi za bei hukosea. Nyingi za mbele huishia juu mno, kiasi cha kusimamisha maji yasifike usoni lakini kuyaachia yapige viatu. Dawa yake ni ulimi wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya gari au ubavu wa mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, ukafungwa kwa skrubu mbili kwenye ncha ya chini na kuning'inia hadi sentimita 10 hivi kutoka ardhini. Ukishuka zaidi ya hapo utagonga matuta na kingo za barabara. Wenye Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma za kizamani, walilijua hili zamani, na baadhi yao hata huupamba ulimi huo kwa methali na majina ya watoto. Sioni kifaa kingine cha baiskeli kinachofanya kazi kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Sasa tugeukie udongo. Magharibi na kaskazini mwa jiji, kuanzia Karen na Dagoretti hadi Karura, udongo ni mwekundu, wa asili ya volkano, unaopitisha maji vizuri. Huchafua nguo vibaya, lakini tope lake huwa laini na hudondoka, hivyo madigadi huendelea kufanya kazi mradi pana nafasi ya kutosha kati yake na tairi. Mashariki na kusini, kuanzia Embakasi kuelekea Syokimau na Kitengela, udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao wajenzi hulazimika kuuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi wa nyumba, kwa sababu huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Huo hautiririki. Hushika tairi tabaka juu ya tabaka kama ugali kwenye mwiko, hujaa ndani ya madigadi, hushindiliwa na gurudumu lenyewe, na baada ya hatua chache gurudumu halizunguki tena.

Kwa anayeishi huko, ushauri wangu hutegemea urefu wa kipande kibovu. Ikiwa ni mita mia chache tu kufika kwenye lami, funga madigadi, na kipande hicho uibebe baiskeli, maana kuisukuma ni kuyakaribisha matope. Ikiwa ni kilomita nzima na zaidi, funga zile fupi za plastiki zinazotoka kwa mkono, za nyuma zikishikwa kwenye nguzo ya kiti mbali na tairi. Hazizuii mengi, lakini hazizibi.

Kuhusu nafasi kati ya tairi na madigadi, mimi hutumia milimita 10 kwa baiskeli ya lami, na 15 hadi 20 kwa udongo mwekundu. Upana wa madigadi uzidi wa tairi kwa milimita 10 hivi. Tairi la 35 lipewe ya 45, na lile la inchi 26 la kupanda milima, ambalo aghalabu lina milimita 50, lipewe ya 60. Black Mamba, yenye magurudumu ya inchi 28 na madigadi za chuma zilizopakwa rangi nyeupe mkiani, ilizaliwa na nafasi hii. Baiskeli nyingi za mtumba za kupanda milima hazina vitundu vya skrubu kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), kwa hiyo huhitaji vishikizo vya kuzungushia, na zile zenye springi zinahitaji uangalifu: madigadi ikifungwa juu ya springi, gurudumu litapanda na kuigonga kwenye shimo la kwanza.

Hatari moja inastahili kutajwa waziwazi. Kijiti au kipande cha waya kikinaswa kati ya tairi la mbele na madigadi, kinaweza kuikunja ndani na kulisimamisha gurudumu ghafla, na mwendeshaji akarushwa juu ya usukani. Madigadi nzuri za plastiki huwa na vishikizo vya usalama kwenye foku vinavyofyatuka zikivutwa kwa nguvu. Nisingefunga za mbele zisizo navyo kwenye baiskeli ya mwendo kasi.

Kelele, ambazo ndizo watu huzichukia zaidi, hutokana na ufungaji. Madigadi inapaswa kukaa mahali pake yenyewe kabla nati haijakazwa. Ikibidi kuipinda ili ifikie skrubu, itabaki na mkazo, na mtikisiko wa barabara ya changarawe utaipasua palepale kwenye tundu, iwe ya plastiki au ya alumini. Tumia washa (kile kipete bapa kinachokaa chini ya nati) kila mahali na nati zenye nailoni ndani. Baada ya wiki ya kwanza pitisha spana tena kwenye kila nati, na kwa zile za chuma uchungulie upande wa ndani, kwa kuwa mchanga hula rangi huko kwanza na kutu huanza mahali usipopaona.