Pleko wa milia hakuja kukufagilia tangi

Juzi niliitwa Milimani, hapa Kisumu, kumtazama pleko wa milia, kambare mdogo wa kufugwa tangini, ambaye eti "hataki kazi" ya kusafisha. Nikakuta glasi imevaa mwani kama zulia, samaki tumbo limebonyea, macho yamezama. Wiki sita hajatiliwa chakula hata chembe, maana mwenyewe aliambiwa huyu hula uchafu. Ni wa nne mwaka huu, na subira imeniishia.

Hakuna pleko anayeishi kwa kinyesi cha wenzake. Wapo wanaokwangua mwani, kweli, lakini huyu wa milia, Hypancistrus zebra kwa jina la kitaalamu, au L046 kama tunavyomwita wafugaji, si wao. Siku akinata kwenye glasi, mtazame mdomo: meno machache, si ile safu ndefu ya meno membamba kama brashi. Kwao ni mto Xingu, Brazil, ndani ya nyufa za miamba, na anapenda vya nyama kuliko majani. Mlishe jioni taa ikishazimwa: tembe zinazozama, uduvi waliokatwakatwa, minyoo myekundu iliyogandishwa. Omena mnaoniuliza kila siku, wale wa sokoni, wameanikwa wakachanganyika na mchanga. Mimi siwatii kwenye tangi langu. Naye akila, ananya. Kila pleko unayeongeza anakuongezea amonia, ile sumu itokayo kwenye taka za samaki. Mwani ni kazi yako wewe: punguza saa za taa, badilisha robo ya maji kila wiki, shika sponji usugue.

"Kisumu ni joto, hita ya nini?" Mchana, sawa. Huyu anataka nyuzi 27 hadi 30 usiku na mchana, na alfajiri ya Julai maji ya tangi lako hayafiki huko. Tena maji yakiwa na joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki huyu amezoea mkondo. Ndiyo maana nawaimbia wateja mpaka wananichoka: pampu ya hewa ya betri inunuliwe kabla ya samaki. Stima haipigi hodi ikiondoka.

"Haonekani mchana, ni mgonjwa." Ni wa usiku, basi. Acha kuinua mawe! Dume akiwa pangoni huenda analinda mayai, na ukimsumbua anaweza kuyaacha. Keti saa tatu usiku na tochi uliyoifunika karatasi nyekundu, utamwona.

"Tangi dogo litamfanya abaki mdogo." Wa milia hufika kama sentimita 8 tu, huyo hana shida. Yule pleko wa kawaida mnayemnunua akiwa kama kidole hupita sentimita 40, na tangi dogo halimdumazi salama, linamuua polepole. Akikushinda, usimpeleke ziwani. Mbuta (sangara) naye aliletwa na watu, miaka ya 1950, akawala fulu, samaki wadogo wa ziwa letu, na wengi wao tumebaki kuwasimulia. Nipigie simu, nitakuja na ndoo.