Tyuni ya standadi au tyuni nyingine? Soma hii kabla hujalegeza uzi wowote

Wanafunzi wapya siku hizi hawaniulizi tena wanunue gitaa gani, wanauliza hivi: "Ticha, nianze na standadi au niende moja kwa moja kwenye openi G, maana nimeona jamaa YouTube anapiga kwa kidole kimoja tu na inatoka tamu balaa." Hapo anaongelea tyuni, yaani namna ya kukaza nyuzi za gitaa: standadi ni ile ya kawaida, openi G ni ile unayolegeza nyuzi mpaka zikipigwa bila kubonyezwa zitoe kodi (nota kadhaa kwa pamoja) ya G. Swali zuri, na mimi naliheshimu, kwa sababu wengi wetu tulipewa E A D G B E kama amri na hakuna aliyetuambia kwa nini nyuzi zimekaa hivo. Jibu langu ni anza na standadi, ila nataka ujue sababu, na nataka pia ujue kuna njia ya tatu ambayo ndugu zetu Wakongo waliipata zamani na watu wanaojifunza mtandaoni hawaambiwi kabisa.

Tuanze na standadi. Kutoka uzi wa sita ule mnene kwenda wa kwanza ni E A D G B E, na uzi wa tano ndo A ya 110 Hz. Kati ya uzi na uzi kuna nusu toni tano, kwa waliopita kwaya ni sawa na kutoka do kwenda fa, isipokuwa sehemu moja tu, kati ya G na B, ambapo ni nusu toni nne, do kwenda mi. Sasa angalia mkono wako wa kushoto: vidole vinne vinafunika freti nne (vile vyumba vya shingoni vinavyotenganishwa na vyuma) bila kusogea. Piga uzi ukiwa wazi (bila kuubonyeza), halafu freti ya 1, 2, 3, 4, na nota inayofuata haihitaji usogeze mkono, ipo tayari kwenye uzi unaofuata ukiwa wazi. Yaani mpangilio umepimwa kwa mkono wa binadamu, unapiga skeli nzima umekaa palepale.

Na hiyo G na B kwa nini imevunja utaratibu? Kwa sababu ukizilinganisha zote sawa unapata E A D G C F. Kuna watu wanapiga hivo, Stanley Jordan wa Marekani ndo anajulikana zaidi, lakini kwa kodi za kawaida inakuwa tabu maana uzi wa sita ni E na wa kwanza ni F, nusu toni, zinagombana. Kwa kupunguza kidogo pale katikati, nyuzi mbili za pembeni zote zinakuwa E, na ndo maana ukilaza kidole freti ya kwanza unapata kodi ya F ya nyuzi sita iliyosimama vizuri. Bei yake ni kwamba kila shepu (umbo la vidole) ikivuka kwenda uzi wa pili lazima isogee freti moja mbele, na hapo ndo wanafunzi wanapotea, anapiga kodi akishuka chini vizuri akifika uzi wa B inamchanganya, anadhani sikio lake ni bovu kumbe ni hesabu tu.

Kitu ninachokipenda standadi ni kwamba haipendelei kii yoyote, yaani nota ambayo wimbo unaichukua kama do. Nyuzi zikiwa wazi hazitoi kodi ya maana, na huo ndo ubora wake wenyewe! Fikiria ibada ya Jumapili, mama anaanzisha pambio kwenye kii iliyomjia kooni, wewe una sekunde tatu za kuitafuta, ubeti wa tatu mwalimu wa kwaya anapandisha toni nzima bila kukuangalia. Kwenye standadi unahamisha mkono unaendelea. Kwenye openi G umekwama, labda uwe na kapo (kibano kinachobonyeza nyuzi zote kwenye freti moja) na mikono ya haraka sana, na wimbo ukirudi chini tena utaichomoa mbele za watu.

Sasa hizo openi zenyewe. Openi G unashusha nyuzi tatu: wa sita kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, wa kwanza kutoka E hadi D, unabaki na D G D G B D. Piga zote wazi, hiyo ni kodi ya G. Laza kidole freti ya 5 ni C, freti ya 7 ni D. Kodi tatu hizo zinabeba nyimbo nyingi sana za duniani, kidole kimoja, na ndo kile ulichokiona kwenye video. Keith Richards wa Rolling Stones yeye kaenda mbali zaidi, anauondoa kabisa uzi wa sita anabaki na nyuzi tano. Huko Hawaii wachunga ng'ombe wa Mexico walifika na magitaa karne ya 19, wenyeji wakayachukua wakalegeza nyuzi kwa namna zao, wakazaa mtindo mzima unaoitwa kī hōʻalu, ambapo gumba linashikilia besi kwenye nyuzi zilizo wazi na vidole vingine vinaimba juu, na familia zilikuwa zinaficha tyuni zao kama watu wanavyoficha dawa ya ukoo.

Kwahiyo mimi siwezi kusema openi ni njia ya mkato ya wavivu, huo ni uongo na unaniudhi kila nikiusikia. Joni Mitchell wa Kanada aliugua polio akiwa na miaka 9, mkono wa kushoto ukabaki dhaifu, kodi za standadi zikawa zinamshinda, basi akawa anabadilisha nyuzi zenyewe mpaka zije pale mkono wake unapofika, ametumia tyuni zaidi ya 50 na ametoa sauti ambazo huwezi kuzipata njia nyingine. Mtoto wa miaka saba mwenye vidole vifupi, au mtu aliyeumia mkono, nampa openi G siku ya kwanza na sina wasiwasi wowote. D'Gary wa Madagaska naye anatyuni gitaa kivyake ili lisikike kama marovany na valiha, ala za nyuzi za kwao, na wapigaji wa maskanda, muziki wa gitaa wa Wazulu Afrika Kusini, wanashusha uzi wa kwanza hadi D. Hao wote walikuwa na sauti kichwani kwanza, tyuni ikafuata.

Tatizo la kuanzia huko bila sauti yoyote kichwani ni hili: openi imeshakuamulia. Nyuzi zinasema G meja, ile ya furaha, ukitaka G maina, ile ya huzuni, unapambana na uzi wa pili ambao ni B na unataka kuwa B fleti. Ukitaka kodi ya saba (kama G7), ukitaka kufuata mpiga kinanda anayepita kodi nane kwenye mistari miwili, unaanza kutafuta vidole upya kabisa, na shepu ulizojifunza haziendi kwenye tyuni nyingine. Kila nota ambayo uzi unakupa bure ikiwa wazi, unailipia pale wimbo usipoihitaji. Standadi inakupa bure kidogo tu, na haikudai sana.

Ipo moja ambayo haina meja wala maina, D A D G A D. Davey Graham wa Uingereza aliileta mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa Morocco, akatafuta namna ya kupiga pamoja na wapiga udi. Haina ile nota ya mi inayoamua kama kodi inacheka au inalia, kwahiyo melodi yako ndo inaamua, chini kuna mvumo wa D na A unaendelea. Wewe uliyekulia Zanzibar au Mombasa masikio yamejaa taarab, jaribu hii, utajikuta nyumbani haraka kuliko kwenye openi G. Ila usitegemee maqam (skeli za muziki wa Kiarabu) zote, kuna nota za udi zinakaa katikati ya freti na gitaa haliwezi kuzitoa, udi hauna freti ndo maana.

Kama unataka kuonja tu, anza na dropu D. Unashusha uzi wa sita peke yake hadi D, unaulinganisha na uzi wa nne, ni D ileile oktava moja chini. Nyuzi tano zilizobaki hazijaguswa kwahiyo kila ulichojifunza kinabaki, ni besi tu imekuwa nzito kwenye kii ya D. G yako ya uzi wa sita inahamia freti ya 5. Dakika kumi umeizoea.

Mambo ya ufundi kidogo hapa maana watu wanakata nyuzi hovyo. Kushusha uzi toni moja kunapunguza mvuto wake kama asilimia 21, kupandisha toni moja kunauongeza kama asilimia 26, sasa fanya hivo kwa nyuzi tatu kwenye gitaa la bei rahisi uone daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) linavyobanduka. Kwahiyo ukiambiwa tyuni openi E, ambayo inapandisha nyuzi tatu, wewe tyuni openi D (D A D F♯ A D) halafu weka kapo freti ya 2, umepata kitu kilekile na gitaa liko salama. Ukishusha nyuzi kadhaa shingo inapumua, zile ambazo hujazigusa zinapanda kidogo, kwahiyo zunguka mara mbili tatu mpaka zitulie. Shusha uzi upite chini ya nota kisha upandishe hadi ifike, ukimalizia kwa kushuka utateleza tena ukianza kupiga. Na programu ya tyuna kwenye simu iweke kromatiki, yaani isome nota zote, ukiiacha kwenye gitaa itaendelea kukudai E. Halafu kushusha nyuzi zote sita nusu toni ili mwimbaji apumue, hiyo bado ni standadi, shepu zote zilezile.

Sasa njia ya tatu niliyosema. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi sasa hivi, alipiga wimbo wa Masanga kwa gumba na kidole cha shahada tu, mkono wa kushoto umekaa kwenye kodi ya C ya kawaida ya standadi. Ukiisikiliza unaapa kuna magitaa mawili. Mimi nampa wimbo huo kila mwanafunzi anayeniambia standadi imechosha, namwambia kaa nayo hiyo kwanza. Bendi kubwa za Kinshasa zilipokuja na magitaa matatu manne jukwaani, walihitaji gitaa la kukaa katikati ya solo na rithim, lisimzibe yeyote, na hapo ndo tunakutana na mi-kompoze. Hawakugusa shepu hata moja. Waliutoa uzi wa nne ule mnene wakaweka mwembamba, wakautyuni D ya oktava ya juu. Vidole vinapiga kodi zilezile za standadi, kinachotoka ni kitu kingine kabisa, kinang'aa kama kengele. Kwangu mimi hii ndo akili kubwa kuliko openi zote, kwa sababu umepata rangi mpya na bado kii zote ni zako, mwalimu wa kwaya apandishe anavyotaka!

Kuifanya ni rahisi. Kwenye seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu za inchi), uzi wa nne ni 26, uondoe, weka 10 au 11, uzi wa kwanza wa seti nyingine unatosha. Funga taratibu, utyuni kwa kubonyeza uzi wa pili freti ya 3, hiyo ndo D unayoitaka, zilie sawasawa. Pale juu shingoni mfereji wa uzi wa nne ni mpana kwa uzi huu mwembamba, ukisikia unacheza au unanguruma weka kikaratasi chembamba chini yake, au fundi akuwekee kipande kingine.

Halafu fanya hivi. Tumia uzi wa nne na wa pili pamoja, wa tatu uuzibe. Kwenye C anza uzi wa nne freti ya 2 na wa pili freti ya 1, kisha 3 na 3, 5 na 5, 7 na 6, 9 na 8, 10 na 10. Kwenye standadi hizo zilikuwa sauti mbili zilizoachana mbali, nota sita, mi chini do juu. Kwenye mi-kompoze uzi wa nne umeruka juu ya wa pili, kwahiyo sasa ni do na mi zimebanana, re na fa, mi na sol, zile sauti mbili za karibu karibu ambazo waimbaji wa rumba wanaimba na ambazo unazisikia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikishaanza. Usizipige kwa pamoja kila mara, tanguliza uzi wa nne halafu wa pili, baadaye geuza, na shahada ipige kati ya mapigo ya gumba. Anza polepole kwenye C, ukizoea hamia F kwa nyuzi zilezile, badilisha tu B iwe B fleti, yaani ile 9 inakuwa 8, na ukiwa na rafiki anayepiga rithim mwambie abaki chini kwenye freti tatu za kwanza, wewe panda kuanzia ya 5 hadi ya 12.